Mbio za Alfajiri na Mahamri ya Moto: Mwongozo kwa Mkimbiaji wa Bombolulu

Hamri huwa hamri kamili kwa muda usiozidi saa moja. Likitoka karaini ngozi yake ni kavu, tumbo limejaa hewa ya moto, na hiliki inanukia hata kabla hujalipasua. Baada ya nusu saa ngozi inaanza kulegea. Likikaa ndani ya hotpoti mpaka saa tatu asubuhi, mvuke wake wenyewe umeshalilowesha, na unachokula ni mkate mtamu wa kawaida. Ndiyo maana anayetaka kujua kwa haki nani anapika mahamri bora baina ya Bombolulu na Kongowea hukabiliwa kwanza na suala la wakati. Inambidi afike kwa wapishi watatu au wanne ndani ya saa ile ile moja. Akitembea hafiki. Akipanda matatu atafuata barabara kuu, na wapishi wazuri wengi wako ndani mitaani. Akienda na gari atahangaika na pa kuliweka. Miguu inayokimbia polepole ndiyo inayoiweza kazi hii, na mwongozo huu ni wa mtu aliye tayari kuifanya.

Kuchanganya mbio na vitamu si jambo geni duniani. Huko Raleigh, Marekani, tangu mwaka 2004 watu hukimbia kilomita nne hadi kwenye duka la Krispy Kreme, hula donati 12 kila mmoja, kisha hukimbia kurudi, na yote hayo lazima yaishe ndani ya saa moja. Ufaransa nako kuna marathoni ya Médoc, iliyoanza miaka ya 1980, ambapo mkimbiaji hupewa mvinyo na vyakula njiani. Mtindo wa Raleigh siupendekezi kabisa. Mwenye kumeza donati 12 kwa kushindana na saa haonji kitu. Sisi hapa tunakimbia ili tufike mapema, na tukifika tunasimama, tunasalimia, tunakula kwa utulivu.

Chagua majira kabla ya kuchagua njia. Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, kwenye uwanja wa gofu kule kisiwani. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo. Siku hiyo joto na unyevu vilimlemea, akajitoa katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ubingwa. Ikiwa Bekele alisimama, wewe usione haya kupunguza mwendo mwezi wa Machi. Joto la mchana wakati wa kaskazi hupita nyuzi 32, lakini kinachoumiza zaidi ni unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na katika hewa yetu jasho hutiririka tu hadi kwenye soksi bila kumpoza mtu.

Wapishi wanajua jambo ambalo wakimbiaji wengi hawalijui: majira yale yale yanayomchosha mkimbiaji ndiyo yanayomsumbua mwenye karai. Unga wa mahamri hukandwa usiku kwa tui, sukari, hiliki na hamira, ukaachwa uumuke hadi alfajiri. Usiku wa Februari hauna ubaridi wowote. Hamira hufanya kazi haraka mno, na kufikia saa kumi na moja unga umepitiliza, una uchachu, na madonge yakiingia mafutani hayana nguvu ya kufura. Mpishi mwenye uzoefu hupunguza hamira au hukanda akiwa amechelewa zaidi. Asiye na uzoefu hufuata kipimo kile kile cha Julai na kushangaa kwa nini wateja wamepungua. Kusi likivuma, kuanzia Juni hadi Septemba, mchana hubaki kwenye nyuzi 27 au 28, usiku hushuka kuelekea 20, unga huumuka taratibu na wewe unakimbia bila kuhema. Huo ndio wakati wa kuanza. Lakini ukishazoea, rudia njia ile ile Februari, kwa sababu hapo ndipo utakapomjua hodari. Aprili na Mei, masika yakikaza, vichochoro vya Ziwa la Ng'ombe hujaa maji na matope. Miezi hiyo kimbia barabarani tu, au pumzika.

Kuhusu saa, jua letu huchomoza baina ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima. Toka nyumbani mwanga unapoanza kuonekana, si kabla. Wapishi wa mahamri huwa wameanza kuchoma saa kumi na moja, maana wateja wao ni watu waendao kazini na watoto waendao shule, na mnamo saa moja u nusu makarai mengi yameshapoa. Una saa moja na kidogo. Inatosha.

Njia ninayoipendekeza kwa anayeanza ni mzunguko wa kama kilomita nane. Anzia steji ya Bombolulu kwenye barabara ya Malindi, jirani na karakana za Bombolulu, ambazo tangu 1969 zimewapa kazi mafundi wenye ulemavu wa viungo chini ya chama cha APDK. Wakati huo wa alfajiri zimefungwa, lakini zikumbuke: ukitaka mkoba wa ngozi au ushanga uliotengenezwa kwa mikono, rudi mchana. Usikimbie mara moja kwenye barabara kuu. Ingia upande wa Ziwa la Ng'ombe, ufuate njia za ndani ambako akina mama wameweka majiko ya makaa mbele ya milango, na moshi wenyewe utakuonyesha pa kukata kona. Hiki ndicho kituo cha kwanza. Kisha rudi barabarani, ushuke kuelekea Kengeleni. Hapo njia panda una mnara wa kengele ya Frere Town, mji uliojengwa na wamisionari wa CMS kuanzia 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini, na kengele hiyo ilipigwa kuwaonya wakazi dhidi ya wavamizi. Pita ndani ya Frere Town, utafute kituo cha pili, halafu uvuke kwenda Kongowea.

Soko la Kongowea halilali. Malori ya viazi, vitunguu na ndizi huingia usiku, na wapakuzi wanaofanya kazi tangu saa tisa usiku wanahitaji chai nzito na kitu cha kushika tumbo. Kwa hiyo vitafunio vya hapa ni vikubwa, na havina mbwembwe. Ukimaliza Kongowea rudi kwa kupitia Nyali, ukifuata Links Road, ambako kuna kivuli na magari ni machache asubuhi. Utatokea upande wako wa Bombolulu ukiwa umezunguka mitaa ya walalahoi na ya matajiri kwa asubuhi moja.

Wapo watakaotamani kupitia ufuoni Nyali. Ni pazuri, lakini angalia maji kwanza. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukikamilika, maji hujaa alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi, hivyo wakati wako wa kukimbia unakuta ufuo umemezwa na mchanga uliobaki ni laini, wa kuvunja vifundo. Mchanga mgumu unaofaa kwa mbio ni ule ulioachwa na maji punde. Isitoshe, ufuoni hapana mahamri.

Sasa tuje kwenye kuonja, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Linganisha kitu kimoja tu kwa asubuhi moja. Ukila hamri Ziwa la Ng'ombe, kitumbua Frere Town na hafukeki Kongowea, umekula vizuri lakini hujalinganisha chochote. Amua tangu usiku: kesho ni mahamri. Kila kituo nunua mawili. Moja lipasue hapo hapo na ule nusu. Lililobaki lifunge kwenye karatasi, uliandike jina la kituo, ulitie mfukoni mwa mkoba. Ukifika nyumbani utakuwa na hukumu mbili, ya hamri la moto na ya hamri lililopoa, na nakuhakikishia mara nyingine mshindi si yule yule. Lipo hamri linalong'aa karaini na kugeuka mpira baada ya saa moja. Mara nyingi hilo limekandwa kwa maji badala ya tui, au kwa tui lililozimuliwa mno, kwa kuwa mafuta ya nazi ndiyo yanayoufanya unga ubaki laini ukipoa.

Ukilipasua, anza na pua. Hiliki iliyotwangwa usiku ule inapanda puani kabla hujatafuna. Hiliki ya unga iliyokaa dukani inabaki mwishoni mwa ulimi kama uchungu kidogo. Kisha tazama ndani. Hamri zuri lina uwazi mmoja mkubwa na kuta mbili nyembamba, kwa sababu mafuta yalikuwa moto wa kutosha kugeuza maji ya unga kuwa mvuke kabla ngozi haijakauka. Mafuta yakiwa vuguvugu, unga hunywa mafuta badala ya kufura, na ndani unakuta mkate mzito. Angalia vidole vyako: vikiwa vimelowa mafuta, hukumu imeshatoka. Na ukisikia harufu ya samaki au ya viazi vya jana, ujue mafuta yametumika kupita kiasi. Jambo la mwisho ni sukari. Mahamri ya Mombasa huliwa kwa mbaazi za nazi, na hamri tamu sana huua mbaazi. Kwa hiyo usimpe alama nyingi anayemwaga sukari kufurahisha watoto.

Vitumbua vina sheria nyingine. Huu ni mchele uliolowekwa usiku, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira na hiliki. Ukingo wake uwe mkavu, wa rangi ya dhahabu, na katikati pawe laini penye matundu. Kitumbua kikikaa tumboni kama jiwe, mchele haukulowekwa vya kutosha au haukusagwa laini. Kwa mkimbiaji vitumbua ni vyepesi kuliko mahamri, kwa sababu hupikwa kwa mafuta kidogo ndani ya chuma chake chenye vishimo, ilhali hamri huogelea karaini. Ikiwa ni mara yako ya kwanza kula katikati ya mbio, anza na vitumbua vya mpishi unayemjua.

Hafukeki wengi huidharau, nami naona wanaidhulumu. Hii ndiyo keki halisi ya vibanda vya chai vya Bombolulu, na mtaa huu wenye watu kutoka kila pembe ya Kenya umeipenda kuliko mitaa ya kale ya kisiwani. Unga wake hauna hamira. Hutiwa baking powder, sukari, siagi na pengine yai, ukachomwa kwa moto mdogo kwa muda mrefu. Moto mdogo ndio siri yake yote. Uso unapasuka wenyewe, nje panakuwa kama biskuti na ndani pakavu kiasi, tayari kunywa chai. Mpishi mwenye haraka huongeza moto, na unapata kitu cheusi nje kilicho kibichi ndani. Ikandamize kwa kidole: ikibonyea, irudishe. Na tofauti na hamri, hafukeki haina haraka. Ile ya jana mchana huwa nzuri zaidi ya ya leo, hivyo siku ya hafukeki unaweza kuamka utakapo na kukimbia jioni.

Mkate wa sinia na mkate wa mayai si vya kuonjwa njiani. Vinakatwa vipande, vinavunjika mfukoni, na vinataka sahani na kikombe cha kahawa. Ukivitaka kimbia kwa shabaha moja tu, ununue, urudi navyo nyumbani. Mkate wa mayai ulio bora bado ni ule uliookwa kwa makaa juu na chini, wenye ukoko mwembamba uliokolea rangi. Ukiubonyeza uso wake hurudi juu polepole. Zipo nyumba Kisauni nzima zinazoupika kwa oda, na namna ya kuzijua ni kuuliza watu waliotoka arusini.

Je, keki za Nyali, zile za makabati ya kioo zenye krimu na matunda? Zina haki yake, lakini zipe siku yake. Mikahawa ya City Mall na ya jirani hufunguliwa baada ya mahamri kwisha, kwa hiyo kimbia saa mbili, mwishoni mwa juma, na uketi. Usiziweke kwenye mizani moja na hamri. Kroasani hujengwa kwa tabaka za siagi baridi, na siagi huanza kuyeyuka kwenye joto ambalo Mombasa tunaliita la kawaida; mpishi wa hapa inambidi afanye kazi ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na bili ya stima imo ndani ya bei unayolipa. Linganisha kroasani na kroasani. Ipasue: ukiona tabaka zinazotengana, siagi haikuyeyuka. Ukiona mkate mmoja uliokunjwa, iliyeyuka. Kuhusu keki ya krimu, uliza imeingia friji lini, kwa kuwa friji hukausha keki na kuipa harufu ya vyakula vingine.

Mwili nao una masharti yake. Kimbia kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako; ukishindwa kutamka sentensi nzima, umekwenda kasi mno na tumbo litakataa mafuta. Nusu hamri kila kituo, dakika tano za kusimama, maji mafunda machache, kisha tembea kidogo kabla ya kukimbia tena. Ukirudi, kunywa dafu. Lina potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni haba, na jasho la pwani hubeba chumvi nyingi, kwa hivyo mbaazi zilizotiwa chumvi au kiazi cha karai ndivyo vinavyokikamilisha kinywaji chako. Usijidanganye kwamba mbio zinafuta ulichokula. Kilomita moja huteketeza takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako, na mahamri matatu yanazirudisha kalori hizo bila shida. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake kabla, na abaki na nusu moja kwa asubuhi nzima.

Beba sarafu na noti ndogo. Usimpe mama noti ya elfu saa kumi na mbili asubuhi. Nenda na mwenzako, usipite vichochoro usivyovijua kabla hakujapambazuka, na uache nyumbani saa ya thamani. Barabarani kimbia ukielekea magari, na pale Kengeleni simama kabisa: matatu huingia steji bila ishara na bodaboda hupita pande zote. Ndani ya mitaa punguza mwendo ukaribiapo msikiti wakati watu wanatoka sala ya alfajiri, na uvae nguo za heshima. Wanawake wengi wa Kisauni hukimbia kwa suruali pana, shati refu na hijabu nyepesi, na hakuna anayewasumbua. Mwenye karai akiwa mtu mzima, mwamkie kwanza. "Shikamoo mama," usubiri "marahaba," ndipo uulize bei. Ukifika unahema na kunyoosha kidole, utauziwa, lakini hutaambiwa yapi yametoka karaini sasa hivi.

Mwezi wa Ramadhani mpango wote hugeuka. Makarai ya alfajiri hunyamaza, na baada ya alasiri meza hutandazwa kando ya barabara: kaimati, vitumbua, viazi vya karai, sambusa, mkate wa sinia. Hata kama hufungi, usile njiani mchana. Kimbia kama saa moja kabla ya magharibi, kwa mwendo mwepesi zaidi maana waliofunga hawajanywa maji, nunua vituo vitatu, na uonje nyumbani baada ya adhana pamoja na wenzako. Siku hizo ndizo bora za kulinganisha kaimati, kwa sababu kila mpishi anatoa alichonacho kizuri. Kaimati iwe na ganda linalovunjika chini ya shira, na ndani iwe na matundu, si unga.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mahamri, majiko ya mbele ya milango Ziwa la Ng'ombe na Frere Town yanayapita ya mikahawa, na si kidogo. Kwa hafukeki nenda Kongowea. Vitumbua nisingevinunua nje ya nyumba ninayoijua. Keki za krimu za Nyali ni nzuri kwa siku ya kuzaliwa, lakini hazinifanyi nitoke kitandani alfajiri. Ukiwa na maoni tofauti, yapime kwa miguu yako asubuhi ya Jumamosi ijayo, na ukimpata mpishi anayestahili, mwambie ana kwa ana kwamba anapika vizuri na umpelekee wateja wengine.